Jaribio la t na wastani wa makundi mawili: mfano wa mbio za Doha



Kila mjadala wa lugha ya kufundishia unaporudi miongoni mwetu, hakosi mtu wa kusema "utafiti umeonyesha". Halafu linaletwa jedwali: darasa moja limefundishwa kwa Kiswahili, jingine kwa Kiingereza, huku wastani huu na kule wastani ule, na chini kabisa kuna herufi t, namba, na p iliyo ndogo kuliko 0.05. Sisi wa upande wa Kiswahili tunashangilia. Wa upande wa pili wananyamaza, au wanakwenda kutafuta jedwali lao. Wachache mno wanaouliza: hivi hiyo t imepima nini hasa?

Swali hili si la kupoteza muda. Tangu mradi wa LOITASA uanze mwaka 2002, ukiwakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, majaribio ya kulinganisha wanaofundishwa kwa lugha wanayoijua na wanaofundishwa kwa Kiingereza yamekuwa sehemu ya hoja yetu. Vijana wetu wanaosoma nje nao wanaendelea kuandika tasnifu za namna hiyo. Siku hoja itakapofika mbele ya watu wenye kuamua, na wakawa na mtaalamu mmoja wa takwimu mezani, kitakachoulizwa kwanza ni t. Ikiwa imejengwa vibaya itaanguka, na hoja nzuri itaanguka nayo.

Basi nimeona nilieleze jaribio hili taratibu, kwa mtu aliyesoma lakini si mtu wa hesabu. Mimi nakaa Al Sadd, hapa Doha, na mfano ninaoupenda zaidi ninapowafundisha vijana ni wa hapa hapa: mbio za marathoni za mashindano ya riadha ya dunia ya mwaka 2019, zilizokimbiwa usiku kandokando ya bahari, Corniche, mwendo mfupi tu wa gari kutoka kwetu. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Namba zake ziko wazi kwa kila mtu, na wahusika wengi ni watu wa kwetu.

1. Swali lenyewe

Marathoni ya wanawake ya Doha ilianza saa sita kasoro dakika moja usiku, tarehe 27 Septemba 2019. Iliwekwa usiku ili kukwepa jua, lakini aliyeishi Al Sadd anaujua usiku wa Septemba: unatoka dukani kwenye kiyoyozi, miwani inaingia ukungu hapo hapo. Joto la kuanzia lilikuwa nyuzi 32.7, na unyevu wa hewa asilimia 73. Miaka miwili nyuma, tarehe 6 Agosti 2017, mashindano hayo hayo yalikuwa London, mbio zikianzia na kumalizikia Tower Bridge, katika hali ya hewa ya kawaida ya huko.

Hawa ndio watano wa kwanza London:

Rose Chelimo (Bahrain) 2:27:11
Edna Kiplagat (Kenya) 2:27:18
Amy Cragg (Marekani) 2:27:18
Flomena Cheyech Daniel (Kenya) 2:27:21
Shure Demise (Ethiopia) 2:27:58

Na hawa watano wa kwanza Doha:

Ruth Chepngetich (Kenya) 2:32:43
Rose Chelimo (Bahrain) 2:33:46
Helalia Johannes (Namibia) 2:34:15
Edna Kiplagat (Kenya) 2:35:36
Volha Mazuronak (Belarusi) 2:36:21

(Kabla hamjaniuliza: Chepngetich alifungiwa miaka 3 mwezi Oktoba 2025 kwa dawa zilizokatazwa, lakini sampuli iliyomtia hatiani ni ya mwaka 2025. Ushindi wake wa Doha umebaki.)

Wastani wa London ni 2:27:25. Wastani wa Doha ni 2:34:32. Tofauti ni dakika 7 na sekunde 7, yaani sekunde 427. Swali: je, tofauti hii ni kubwa?

Mtu atasema, kubwa bwana, dakika saba! Lakini kubwa kwa kulinganisha na nini? Shilingi mia ni kubwa kwenye bei ya nyanya na si kitu kwenye bei ya nyumba. Lazima kuwe na kipimo cha kuipimia tofauti, na kipimo hicho ndicho kinachotolewa na jaribio la t.

2. Kipimo ni mtawanyiko

Aliyelianzisha ni William Sealy Gosset, Mwingereza mwenye kupenda kemia na hesabu, mfanyakazi wa kiwanda cha Guinness cha Dublin. Ndiyo, kiwanda cha pombe. Elimu haichagui mlango. Kazini kwake alilazimika kuamua mambo ya shayiri kwa vipimo vichache sana, wakati kanuni za siku zile zilitaka vipimo vingi. Mwaka 1908 alichapisha suluhisho lake katika jarida la Biometrika kwa jina la kujificha, "Student", na ndiyo maana mpaka leo vitabu vinaliita jaribio la t la Student. Baadaye Ronald Fisher alilipanua na kulieneza, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1925 kilichoandikwa kwa ajili ya watafiti.

Wazo lake ni jepesi. Ukichukua watu watano leo na watano kesho, wastani zao hazitalingana kamwe, hata kama hakuna kilichobadilika. Zitapishana kidogo kwa bahati tu. Zitapishana kwa kiasi gani? Inategemea watu wenyewe wametawanyika kiasi gani. Kama wote wanakimbia karibu sawasawa, bahati haina nafasi kubwa. Kama wametawanyika sana, bahati inaweza kuusukuma wastani mbali.

Kwa hiyo t ni sehemu yenye juu na chini. Juu unaweka tofauti ya wastani mbili. Chini unaweka kiasi ambacho tofauti hiyo ingeyumba kwa bahati tu, ambacho wanatakwimu wanakiita kosa sanifu. Ukigawanya, unapata jibu la swali hili: tofauti niliyoiona ni mara ngapi ya yumbo la bahati?

Tufanye hesabu. London wote watano wamo ndani ya sekunde 47; mkengeuko sanifu wao, yaani umbali wa kawaida wa mtu mmoja kutoka kwenye wastani, ni sekunde 18.7. Doha kati ya wa kwanza na wa tano kuna sekunde 218, na mkengeuko sanifu ni sekunde 87.0. Sasa chukua kila mkengeuko, uupandishe kwa kipeo cha pili, ugawanye kwa idadi ya watu wa kundi lake, yaani 5. London unapata 69.9, Doha 1,513.1. Jumlisha: 1,583. Tafuta kipeuo cha pili: 39.8. Hilo ndilo kosa sanifu, sekunde 39.8.

Halafu 427 gawanya kwa 39.8. Jibu ni 10.7. Hiyo ndiyo t.

3. Digrii za uhuru na ile p

Je, 10.7 ni nyingi? Gosset alionyesha kwamba ukiwa na watu wachache, t yenyewe huyumba zaidi kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu hata mtawanyiko umeukadiria kwa watu wale wale wachache. Kwa hiyo kuna jedwali, na jedwali linaulizwa kwa digrii za uhuru. Maana yake hii: nikikwambia namba tano zina wastani fulani, unaweza kuchagua nne utakavyo, lakini ya tano imeshafungwa. Kundi la watu watano lina digrii 4. Makundi mawili ya watano yana digrii 8, ikiwa una ruhusa ya kuuchanganya mtawanyiko wao. Hiyo "ikiwa" tutairudia sasa hivi.

Kwa digrii 8, t inayopita 2.306 hutokea kwa bahati chini ya mara 5 katika 100. Kwa digrii 4, kizingiti ni kikali zaidi: 2.776. Yetu ya 10.7 inavipita vyote, inapita hata 8.610, kizingiti cha mara 1 katika 1,000 kwa digrii 4. Kwa hiyo p ni ndogo kuliko 0.001.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. p haisemi "kuna uwezekano wa asilimia 99.9 kwamba joto ndilo lililowachelewesha". p inasema: kama kusingekuwa na tofauti yoyote ya kweli kati ya makundi haya, pengo kama hili au kubwa kuliko hili lingeonekana kwa nadra sana. Basi, imeishia hapo. Neno joto halimo ndani ya hesabu. Ungeweza kuandika "ukarimu wa watazamaji" mahali pa joto, t ingebaki 10.7 ile ile.

Mimi napendelea kutaja pia masafa ya kadirio, kwa sababu yanasema kwa sekunde na si kwa herufi. Kwa digrii 4, tofauti yetu ni sekunde 427, ongeza au punguza 110: kuanzia dakika 5 na sekunde 17 hadi dakika 8 na sekunde 57. Msomaji anajua mara moja tunazungumzia nini.

4. Pale t mbili zinapopingana: mbio za wanaume

Sasa nakuleteeni mfano wenye utata, na ndio wenye faida kwetu zaidi. Marathoni ya wanaume ya Doha ilikimbiwa wiki moja baadaye, usiku wa tarehe 5 Oktoba 2019, joto likiwa limeshuka mpaka karibu nyuzi 29 na unyevu umepungua sana.

London 2017: Geoffrey Kirui (Kenya) 2:08:27, Tamirat Tola (Ethiopia) 2:09:49, Alphonce Simbu (Tanzania) 2:09:51, Callum Hawkins (Uingereza) 2:10:17, Gideon Kipketer (Kenya) 2:10:56.

Doha 2019: Lelisa Desisa (Ethiopia) 2:10:40, Mosinet Geremew (Ethiopia) 2:10:44, Amos Kipruto (Kenya) 2:10:51, Callum Hawkins (Uingereza) 2:10:57, Stephen Mokoka (Afrika Kusini) 2:11:09.

Simbu ndiye yule yule aliyekuja kuipa Tanzania dhahabu Tokyo mwaka 2025. Shaba yake ya London imo humu ndani ya hesabu.

Wastani wa London ni 2:09:52, wa Doha 2:10:52. Tofauti ni sekunde 60. Mkengeuko sanifu wa London ni sekunde 54.7, wa Doha 11.4. Fuata njia ile ile: kosa sanifu linatoka sekunde 25.0, na t ni 2.41.

Haya, tuulize jedwali. Ukitumia njia ya zamani ya Student, unachanganya mtawanyiko wa makundi yote mawili kana kwamba ni mmoja, unapata digrii 8, kizingiti ni 2.306. t yetu ya 2.41 imepita! p ni karibu 0.04. Mtu anaandika "tofauti ni ya kuaminika kitakwimu" na kwenda kulala.

Lakini tazama mitawanyiko. 54.7 na 11.4! Ya London ni karibu mara tano ya Doha, na ukichungua utaona sababu yake kubwa ni mtu mmoja: Kirui aliwaacha wenzake kwa sekunde 82. Yeye peke yake anachangia asilimia 60 ya mtawanyiko wa London, ukihesabu kwa kipeo cha pili. Kwa nini basi tujifanye kwamba makundi haya yana mtawanyiko mmoja?

Mwaka 1947 Bernard Welch alitoa njia isiyodai usawa huo. t inabaki 2.41 kwa sababu idadi ya watu ni sawa pande zote, lakini digrii za uhuru zinashuka kutoka 8 hadi karibu 4.3. Kizingiti kinapanda hadi karibu 2.7. p inakuwa karibu 0.07, na t yetu haijapita. Tukiyatafuta masafa ya kadirio kwa digrii 4, yanaanzia Doha kuwa na kasi zaidi kwa sekunde 9 hadi Doha kuchelewa kwa sekunde 130. Sifuri imo ndani.

Namba ni zile zile, watu ni wale wale, mmoja anasema ndiyo na mwingine anasema bado. Kwa hiyo ukisoma tasnifu iliyoandika "t(8) = 2.41, p < 0.05", una haki ya kuuliza: umetumia Student au Welch, na mkengeuko wa kila kundi ni upi? Kama mikengeuko haikuandikwa kabisa, mashaka ni ya haki.

Kwa wanaotumia kompyuta: programu ya R ukiiachia yenyewe inatumia Welch. SPSS inachapisha mistari miwili, wa juu wa mtawanyiko sawa na wa chini wa usio sawa, na wengi husoma wa juu kwa mazoea. Kwenye Excel ni aina ya 2 kwa Student na aina ya 3 kwa Welch. Ushauri wangu ni Welch daima kwa makundi mawili huru. Mitawanyiko ikiwa sawa hupotezi kitu cha maana. Isipokuwa sawa, imekuokoa.

5. "Huru" maana yake nini?

Mpaka hapa nimekuacheni mwendelee na kasoro moja kubwa bila kuisema, na naamini wenye macho wameshaiona. Jaribio hili ni la makundi mawili huru. Rudini kwenye orodha za wanawake. Rose Chelimo yupo London na yupo Doha. Edna Kiplagat vilevile. Kwa wanaume, Callum Hawkins alikuwa wa nne kote kuwili.

Makundi huru maana yake kujua namba ya mtu wa kundi hili hakukupi habari yoyote ya mtu wa kundi lile. Ikiwa ni mtu mmoja, uhuru umevunjika. Tuseme nalinganisha bei ya karak ya mikahawa kumi ya Al Sadd na kumi ya mtaa mwingine, na nusu yake ni ya mwenye mali mmoja anayepanga bei moja kote. Hapo sina makundi mawili huru, nina mtu mmoja niliyemhesabu mara nyingi.

Wanaojirudia wana jaribio lao, la jozi. Chelimo alichelewa Doha kwa sekunde 395, Kiplagat kwa 498. Wastani ni sekunde 446.5, karibu sana na zile 427 za makundi. Lakini tuna jozi mbili tu: t inatoka 8.67 kwa digrii 1, na kizingiti cha digrii 1 ni 12.706. Haikupita. Msione ajabu. t kubwa juu ya watu wawili haijapita, na t ya 2.41 juu ya watu kumi imebishaniwa. Ukubwa wa t bila digrii zake ni kama bei bila sarafu.

6. Wasiohesabiwa

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hakuna t inayoweza kuliona. Wanawake 68 walianza mbio zile za Doha. Waliomaliza ni 40. Watu 28, yaani asilimia 41, waliachia njiani, wengine wakibebwa kwa viti vya magurudumu. Waethiopia watatu walioanza hawakumaliza hata mmoja, akiwemo Shure Demise, yule wa tano wa London.

Hao wako wapi katika wastani wetu? Hawapo. Mtu asiyemaliza hana muda, na asiye na muda haingii kwenye safu. Kwa hiyo wastani wa Doha ni wastani wa walioliweza joto, si wa waliokutana nalo. Walioumizwa zaidi ndio waliofutwa. Ukitaka kuwahesabu, unahitaji jaribio jingine, la kulinganisha idadi ya waliomaliza na wasiomaliza, si la wastani.

Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa haikungoja t. Tarehe 16 Oktoba 2019, siku kumi tu baada ya mashindano ya Doha kwisha, ilitangaza mpango wa kuihamisha marathoni ya Olimpiki kutoka Tokyo kwenda Sapporo, kama kilomita 800 kaskazini. Kilichowasukuma si wastani wa dakika saba, ni wale wanawake walioshindwa kumaliza. Nadhani walitazama namba iliyo sahihi.

Na hili si la wanariadha peke yao. Tangu mwaka 2021 sheria ya Qatar inakataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na inataka kazi isimame wakati wowote kipimo cha joto na unyevu kikipita 32.1. Tuseme mtafiti anakuja kulinganisha mapigo ya moyo ya wanaofanya kazi nje na wa ndani, akawapima waliopo jioni. Aliyeanguka asubuhi akarudishwa chumbani hayumo. Wastani utatoka mzuri, t itatoka ndogo, na mtu ataandika kwamba hakuna tofauti. Kabla ya kukokotoa, hesabu kwanza walioanza na waliobaki.

7. Mbio moja dhidi ya mbio moja

La mwisho ndilo zito zaidi. Nimesema tuna watu watano kila upande. Kwa swali la joto, hatuna watano. Tuna mbio moja ya baridi na mbio moja ya moto.

Wale watano wa London walikimbia pamoja, upepo mmoja, njia moja, wakichungana. Wanne wa kwanza walifika ndani ya sekunde 10; hiyo si bahati, walikuwa kundi moja mpaka mwisho. Mmoja akipunguza kasi kwa hila, wote wanapunguza. Njia ya London si njia ya Corniche. Walioshindana si wale wale. Zaidi ya hayo, watano wa kwanza si sampuli iliyookotwa kwa kura, ni wale bora wa siku ile. Kwa hiyo t yetu ya 10.7 inathibitisha kwamba mbio hizi mbili zilikuwa tofauti, jambo ambalo hata bila t tusingelibishia. Kwamba ni joto, tunaliamini kwa ujuzi wetu wa mwili wa binadamu na kwa vipimo vya mbio nyingine nyingi, si kwa t hii.

Hapa ndipo narudi kwenye madarasa yetu. Darasa moja la wanafunzi 40 limefundishwa biolojia kwa Kiswahili, darasa jingine la 40 kwa Kiingereza. Mtafiti anaandika digrii za uhuru 78, t inang'aa. Lakini wale 40 wana mwalimu mmoja, ubao mmoja, mwalimu mkuu mmoja, na labda siku ya mtihani umeme ulikatika kwao na si kwa wenzao. Kwa swali la lugha hana 80. Ana darasa moja dhidi ya darasa moja, London dhidi ya Doha. Mpinzani atasema: huyo mwalimu wa Kiswahili alikuwa hodari zaidi, basi. Na hatutakuwa na jibu.

8. Tufanyeje?

Kwa wanaoandika sasa hivi, na kwa wanaosimamia wanaoandika, naona haya yanatosha kwa kuanzia.

Tafuta madarasa mengi, si wanafunzi wengi. Madarasa kumi kila upande yenye wanafunzi 20 ni bora kuliko mawili yenye 200. Chukua wastani wa kila darasa, kisha fanya t juu ya wastani hizo. Utapata digrii chache, lakini zitakuwa za kweli.

Piga kura nani afundishwe kwa lugha gani. Mwalimu akijichagulia, umeshapima walimu badala ya lugha.

Ikiwezekana, mwalimu yule yule afundishe madarasa mawili kwa lugha mbili. Hapo tumia jaribio la jozi, kama tulivyofanya kwa Chelimo na Kiplagat, lakini kwa jozi nyingi.

Andika walioanza na waliofanya mtihani, kila upande. Mtoro wa darasa la Kiingereza ni kama yule aliyeachia njiani Corniche: kutokuwepo kwake ni habari.

Tumia Welch, andika mkengeuko wa kila kundi, na andika tofauti kwa alama pamoja na masafa yake. "Waliofundishwa kwa Kiswahili walipata alama kadhaa zaidi, kuanzia chache hizi hadi nyingi hizi" ni sentensi ambayo hata waziri ataielewa. "p < 0.05" haimwambii kitu.

Na matokeo yakija kinyume na tunavyotaka, yachapishwe hivyo hivyo. Sipendi kuona Kiswahili kikisaidiwa kwa namba za kupakwa rangi, kana kwamba ni mgonjwa. Mtoto anaelewa zaidi kwa lugha anayoijua. Hilo likiwa kweli, litaonekana katika utafiti uliojengwa vizuri, na litaonekana tena utafiti ukirudiwa na mtu asiyetupenda.

Mwenye data ya madarasa, hata ya zamani, alete tuikokotoe pamoja, Student na Welch, tuone kinachobaki.

Wasalaam,
Al Sadd, Doha